Kasha la Lorna

Ukitaka habari za mambo ambayo hayajatokea, kakae kwenye benchi la mbele ya duka la Hattie. Benchi lenyewe lilitolewa kanisani baada ya kuvunjika mguu, na tangu siku hiyo halijasikia neno la kweli. Aprili kule Maine tope limemeza barabara, magogo hayavutiki msituni, na wanaume hawana kazi ila kunywa kahawa ya Hattie na kubishana barafu ya ziwa itapasuka siku gani. Asubuhi hiyo barafu ilisahaulika, maana Linwood Haskell alishuka kwenye pikapu yake kakumbatia kisanduku.

Kijiweni humwita Kasha. Mwaka wa pili huo alikuwa fundi wa wale madaktari wa mlimani, wanaosema hewani mna nguvu ya uhai, nayo ina rangi ya buluu. Mtu akiketi ndani ya kasha la mbao nje na bati ndani, eti inamwingia na kuyalegeza magamba aliyovishwa tangu utotoni. Linwood magamba hakuyajua, misumari aliijua. Makasha sitini na mawili yalikuwa yamepita mikononi mwake, na alijisifu kwamba hakuna mlango hata mmoja uliowahi kulia.

Mwenye kulia alikuwa Lorna, binti yake wa wiki sita. Wiki ya pili hiyo, mchana na usiku. Mama yake, Arlene, alikuwa amesema neno moja tu wakati wa chai: mtoto akishinda hivi tena, basi la saa kumi litawachukua wote wawili kwenda kwa bibi yake Lewiston, na kurudi hajui. Kwa hiyo Linwood alikuwa amejifungia bandani akatengeneza kasha la sitini na tatu, dogo, la saizi ya mtoto. Zilibaki bawaba mbili. Hattie aliingia stoo kuzitafuta, Linwood akaketi kumngoja. Saa nzima ikapita.

— Analia njaa huyo, alisema Ovide, mgawa maziwa.

— Njaa gani? alisema Linwood. Anakula kwa saa. Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane. Kijitabu cha muuguzi kinasema ukimpa katikati umemharibu.

Yule tunayemwita Jaji alimuunga mkono. Huyu aliwahi kuitwa mahakamani mara moja, kusikiliza kesi ya ng'ombe, na hajashuka kutoka kwenye kiti cha hukumu mpaka leo. Alisema hata yeye alilelewa kwa saa, na tazameni alivyotoka. Watu walimtazama. Hakuna aliyetaka kusema walichokiona.

— Kule mlimani mtoto akilia ananyonya, alisema Ovide. Nimeona nikishusha chupa. Mama alikuwa anahutubia wataalamu, akakatiza katikati, akafungua vifungo.

— Mbele ya watu? aliuliza Jaji.

— Mbele yangu, babu. Nimeshika maziwa ya ng'ombe, nikajiona sina kazi.

Kahawa ikamiminwa, na maneno ya Ovide yakapanda juu kidogo. Alisema amewasikia wakifundishana: mtoto akinyimwa ziwa la mama anajikaza tumbo, kisha kifua, kisha shingo, mpaka anakuwa mtu mzima anayetembea kama mlango. Mtu wa namna hiyo hawezi kujiongoza. Atatafuta mkubwa wa kumpigia saluti. Ndivyo vita vile vilivyoanza.

— Ngoja, alisema Jaji. Mpwa wangu ameacha mguu Ufaransa kwa sababu mama mmoja wa Kijerumani alitazama saa?

— Si mmoja. Wote kwa pamoja. Na Wajerumani kwa saa unawajua.

Jaji akakasirika, naye akikasirika hupaa. Akasema hao wa mlimani ndio wanaolielekezea anga mabomba yao ya kuita mvua mpaka barafu imechanganyikiwa. Watoto wao wanatembea uchi na hawalazimishwi kukaa kwenye poti. Wakikua hakuna atakayekubali kuwa polisi, na gavana wetu atakuwa kulungu. Ovide akajibu kwamba kulungu angalau hatoi hotuba. Afadhali bunge zima lifungiwe kwenye makasha hadi lilegee. Linwood akadakia kwamba atalitengeneza kasha hilo kwa wiki tatu, na akipewa bati la kutosha, atalifunika ziwa lote.

— Kasha, wewe umekaa nao miaka miwili, alisema Ovide. Hukuwahi kuwasikia wakisema mtoto apewe anapotaka?

— Wao wanaongea ukumbini. Mimi niko karakana, nasikia nyundo.

Hapo ndipo alipokuja dereva mmoja wa lori la chakula cha kuku, tope limempanda mpaka magotini, kuomba kamba ya kuvutia gari. Akakiona kisanduku, akauliza ni cha nini, akaelezwa na watu watatu kwa mpigo. Akaingiza mkono, akapapasa bati.

— Baridi, alisema. Na sasa hivi mtoto kabebwa na nani?

Ovide akatazama kikombe chake. Jaji akakumbuka barafu ya ziwani. Saa ya dukani ilionyesha saa tano na nusu, na Linwood alijua saa tano na nusu nyumbani kwake ikoje: Lorna kitandani peke yake, Arlene kwenye ngazi za nyuma, vidole masikioni, anangoja saa nane. Akaitazama mikono yake. Wiki ile mikono hiyo ilikuwa imeshika kila kitu, Lorna tu ndiye haikumshika.

Hakuaga, wala kisanduku hakukichukua. Pikapu ilirusha tope mpaka kwenye dirisha la duka. Hattie akatoka na bawaba mbili kiganjani, akakosa wa kumpa.

Saa kumi basi lilipita mbele ya benchi. Jaji alisimama, akahesabu vichwa madirishani: watatu, na hakuna mwenye mtoto. Akarudi kwenye donati zake, ambazo alikuwa amezihifadhi ndani ya lile kasha tangu mchana, na akaapa mbele ya Ovide kwamba zimepata joto.