Kila Mtoto na Swali Lake

Ndugu waombolezaji, haya yote shemeji wa marehemu, anayewasomea, aliyashuhudia kwa macho yake mawili, isipokuwa kuzaliwa kwa marehemu, na hata hapo alichelewa miaka miwili tu.

Marehemu, tuliyemwita Mama Kompyuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1992 akaajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya bima ya afya, ambako kompyuta zilipoingia wenzake walizikwepa kama nyoka, yeye akavuta kiti, akajifunza hadi akakabidhiwa tovuti nzima. Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996 na fundi umeme, kaka wa msomaji, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 9 Mei 2011 alifika mwashi kusajili wanawe kwenye tovuti hiyo, ambayo kila ukibonyeza “ongeza mtoto” ilifungua nafasi mpya, na sharti lilikuwa mtoto anayesoma atajiwe shule yake, ila marehemu alikuwa amekosea alipoitengeneza, tovuti ikatazama jibu la kifungua mimba tu, kwamba anasoma, na kuwadai shule wadogo zake wote, hata kichanga aliyelazwa akisubiri kadi ili apasuliwe. Mwashi akalia, “Mama, huyu hata shingo haijakaza, shule gani tena?” Bosi akasema iandikwe shule yoyote, marehemu akamjibu, “Bosi, kadi ikisema huyu ni mwanafunzi, hospitali itaigomea!” bosi akashtuka, akajimwagia chai, na marehemu hakubanduka kitini mpaka kila mtoto akaulizwa kulingana na jibu lake mwenyewe, kadi ikatoka jioni ileile, kichanga akapasuliwa, akapona.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, hadi alipotutoka asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufua bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake mliojaa hapa leo, akiwemo bosi, ambaye tangu aya ile ananitolea macho, na ana haki, kwani chai haikumwagika, nimeimwaga mimi ili mcheke kidogo. Mtoto kupona ni kweli tupu.

Lala salama, shemeji yangu, kazi yako tumeiona.