Karatasi za Katikati

Amani iwe nanyi, akina mama wa benchi la mbele, wazee wetu, na nyinyi vijana wenzangu mliojibana pale dirishani. Mchungaji ameniambia niseme kwa ufupi. Mchungaji, unanijua. Nitajaribu.

Sitataja jina la mtu. Ukisikia nasema "Mama mwenye ofisi" na unamjua, nyamaza tu. Ukisikia "Mzee wa mashine" na unamjua, nyamaza pia, hata usigeuze shingo kumtafuta. Siku hizi chama ni kimoja lakini masikio ni mengi.

Mimi niliachia shule kidato cha pili, karo ilipokataa. Lakini ndoto sikuachia huko. Nilijifunza kupiga taipu, nikapata kazi kwa ofisi moja ya kuchapa hapa mjini, orofa ya juu, chini yake kuna duka la mbegu. Tulikuwa watatu. Mama mwenye ofisi, anayepokea kazi na kusoma makosa. Mzee wa mashine, mtu wa kutoka magharibi, mpole, anayezungusha saiklostaili. Na mimi wa taipu, wa chai, na wa kuimba. Nilikuwa nimeshapanga kwamba siku moja nitakuwa na ofisi yangu, jina langu kwa kioo na rangi ya samawati. Hata pazia nilikuwa nimechagua. Msicheke, pazia ni kitu cha maana.

Sasa, kwa wale hawajaona saiklostaili, wacha nieleze, kwa sababu shida yangu yote ilitoka hapo. Kitabu kikiwa na kurasa kumi na sita, napiga taipu stensili kumi na sita, zile karatasi za nta zinazotobolewa na herufi, kila ukurasa na yake. Mzee anafunga stensili kwa mashine yenye wino, anazungusha mkono, karatasi zinatoka moja moja zikiwa na maji ya wino. Zikilaliana hivyo, zinachafuana. Kwa hivyo kila karatasi ikitoka, mtu anaweka juu yake karatasi nyingine, kuukuu, inyonye wino. Sisi tuliziita karatasi za katikati. Wino ukikauka unazitoa, unazirudisha kwa kasha. Kuziweka na kuzitoa ilikuwa kazi yangu. Mkumbuke hilo, ndugu zangu. Ilikuwa kazi yangu mimi.

Ilikuwa Julai, mnajua Julai ya Eldoret. Baridi, mvua kila adhuhuri, wino haukauki. Tulikuwa tumepewa kazi ya kitabu cha ratiba ya kufungua jumba jipya la kanisa moja, si hili. Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuwa mgeni wa heshima. Kitabu kilitakiwa kesho yake asubuhi, na karatasi zangu za katikati zilikuwa zimelowa wino zote, hazifai. Nikashuka kutafuta. Chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya mbegu, nikaona bunda limefungwa na kamba ya katani. Karatasi safi, zimeandikwa upande mmoja, mwingine mweupe. Nikasema asante Yesu, nikapanda nazo nikiimba.

Sikuzisoma. Mtanilaumu, lakini mtu wa taipu hasomi. Tangu asubuhi anaona herufi, herufi, herufi, jioni hata barua ya mchumba anaona herufi tu. Niliweka upande mweupe chini, kwa wino, nikaendelea. Halafu nikazitoa, nikazunguka meza kupanga kurasa, moja mpaka kumi na sita, tukapiga pini. Mzee akaniuliza, "Umezitoa zote, msichana wangu?"

"Zote, Mzee. Mimi na makosa tulikosana zamani."

Basi moja ilikuwa imegandana na ukurasa wa tisa.

Jumatatu walikuja wanaume wawili wa makoti marefu. Hawakubisha. Mmoja alikaa kwa kiti changu, akaanza kubonyeza taipureta yangu kwa kidole kimoja, polepole, tak, tak, kama mtu anayeonja chakula. Mwingine alitoa kile kitabu cha kanisa, akakifungua katikati. Ndani yake kulikuwa na ile karatasi. Pembe yake ilikuwa na alama ya kamba ya katani. Na sasa kwa mara ya kwanza nikaisoma. Nilisoma mistari miwili. Sitawaambia ilisema nini. Ilikuwa ya wale wanaoitukana serikali kwa siri, zile ukikutwa nazo mfukoni watu wa kwenu wanaanza kukuita marehemu.

Yule wa kiti akauliza, bila kuinua macho, "Hii ilipita kwa mashine ya nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matano tu: niliokota mimi chini ya ngazi. Lakini mdomo wangu, huu huu unaoimba hapa kila Jumapili, ulisema, "Mimi ni wa taipu tu. Mambo ya mashine, muulizeni Mzee."

Mzee alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinichoma. Alikuwa anajipangusa wino kwa kitambaa. Akasema, "Funika mashine, msichana wangu. Baridi hii itaharibu wino." Kisha akashuka ngazi katikati yao, na tukasikia gari likiondoka.

Mama mwenye ofisi alibeba lile kasha la karatasi, akatia kwa jiko, akachoma zote. Tulichoma hata kalenda.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyejua Mzee yuko wapi. Mkewe alikwenda kituo, akaambiwa hapa hatuna mtu kama huyo. Akaenda hospitali, akaenda mochari. Kila asubuhi anapita ofisini na chupa ya uji, anauliza, "Hamjasikia?" Anaketi. Uji ukipoa anarudi nao. Wateja waliacha kuja. Mwenye duka la mbegu alianza kufunga mlango akituona. Na mimi vidole vilikataa. Nikiweka kwa taipureta vinatetemeka kama vya mlevi wa chang'aa. Nikatoroka. Nilienda kwa shangazi yangu kule Kapseret, nje ya mji, nikawa wa kukamua ng'ombe. Gari lolote likipunguza mwendo barabarani, naacha ndoo, najificha kwa mahindi. Shangazi akadhani nina mimba. Heri ingekuwa mimba!

Wiki ya tano, saa tatu ya asubuhi, nikaona mama mmoja anakuja kwa njia ya mahindi, viatu mkononi, matope mpaka magoti. Mke wa Mzee. Nikasema leo amejua, leo atanilaani.

Akanishika mikono yote miwili. "Binti yangu, nimekutafuta nikushukuru. Nimesikia siku ile wewe ulimtetea baba watoto. Nimesikia ndiyo maana ulifukuzwa kazi. Mungu akulipe." Akanipa mayai matatu, ameyafunga kwa leso.

Wapendwa, mimi nimeshachapwa na walimu, na mama yangu mwenyewe anajua kuchapa, muulizeni. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na yale mayai. Nilikaa chini kwa matope. Nikamwambia, "Mama, si kweli. Karatasi nilileta mimi. Nilimtupa."

Aliniachia mikono. Kule nyuma ng'ombe analia, hajamaliziwa. Halafu akasema, "Basi inuka, twende useme huko."

Siwezi kusema nilikuwa shujaa. Kama angeniambia nimekusamehe, ningebaki na ng'ombe mpaka leo.

Tulipita kwa Mama mwenye ofisi. Nilipomwambia, alivaa koti lake la Jumapili, akachukua mkoba, akasema, "Mtu haendi kule peke yake. Akienda peke yake, hakuna wa kusema alionekana akiingia." Tukampitia mchungaji. Tukawa wanne, tukaenda kwa ofisi ya wale wenye makoti, ile mji mzima unaijua na hakuna anayeitaja, mchana kweupe, watu wakituona.

Yule aliyekaa kwa kiti changu ndiye alikuwa mezani. Nikasema yote. Hakuamini. Akacheka kidogo, "Umetumwa na nani?" Akafungua faili, akatoa ile karatasi, lakini akaigeuza, akanionyesha upande wa nyuma. "Na hii? Utaniambia hii pia uliokota?"

Upande ule mweupe haukuwa mweupe. Ulikuwa na maandishi ya kufifia, kinyume, herufi zote zimegeuka mgongo. "Hii ni lugha yao ya siri," akasema. "Wiki tano tunamuuliza huyo mzee maana yake. Anajua. Tunaona kwa uso wake anajua. Amekataa kabisa kusema."

Niliitambua hapo hapo. Na ni kweli, alijua. Mtu aliyezungusha mashine maisha yake yote angekosaje kujua? Ni ukurasa wa tisa, umejichapa kinyume kwa karatasi ya katikati. Angesema hivyo, wangemuuliza swali moja tu: ni nani huweka karatasi za katikati? Na jibu lilikuwa mimi. Mimi nilimtupa siku ya kwanza kwa sentensi moja. Yeye alikuwa amenificha wiki tano, kwa mambo ambayo sitayaeleza hapa, kuna watoto.

Nikamwomba Mama mwenye ofisi kioo chake cha mkoba. Nikakisimamisha kando ya karatasi, mbele ya yule bwana. Akainama. Akasoma kwa kioo, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili: "Saa saba. Chakula kwa wageni wote."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alikohoa. Yule bwana alirudia kusoma, kimya sasa, midomo tu ikitembea.

"Kwa hivyo uliileta wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Nani aliiweka chini ya ngazi?"

"Sijui, bwana."

Alifunga faili. "Wengine watoke. Wewe baki."

Nilibaki siku nne. Swali lilikuwa lile moja. Nani aliiweka? Nani aliiweka? Hadi leo sijui, ndugu zangu. Kuna mtu katika mji huu anajua, na huenda tunasalimiana sokoni. Siku ya tano waliniambia niende, na nisiguse saiklostaili tena mpaka wao waseme. Hawajasema bado.

Mzee alikuwa ametoka siku mbili mbele yangu. Alionekana asubuhi kwa barabara ya Yamumbi, anatembea kama anayepima kila hatua. Mkono wake wa kulia haufungi ngumi. Nilienda kwake nikapiga magoti mlangoni. Akasema, "Inuka, unachafua gauni. Umekuja kunifundisha sala?" Mkewe akaleta uji. Tulikunywa ukiwa moto.

Namshukuru mama yule wa mayai, aliyenisindikiza bila kunibembeleza. Namshukuru Mama mwenye ofisi, na mchungaji, waliokubali kuonekana mchana. Mzee namshukuru kwa maneno ambayo sina. Sasa nauza nguo za watoto huko mtaa wa Munyaka, pazia langu liko dirishani, na vidole vimeanza kutulia. Kama kuna funzo, ni hili: ukimtupa mtu kwa hofu, usikae ukiomba Mungu amtoe. Rudi mahali ulipomtupia, mbele ya wale wale, useme. Na usiende peke yako.

Ninamaliza, mchungaji. Ila naona tuna mgeni pale karibu na mlango, ameweka daftari kwa goti na amekuwa akiandika tangu nianze. Karibu sana, ndugu. Ukiishiwa na wino, tutakupa kalamu. Andika tu vizuri, usikosee mtu: karatasi zile niliziokota mimi.