Fundi Othmani, Aliyeifungia Ndege Ijumaa Kuu

Fundi Othmani Shakir anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kutengeneza ndege miaka thelathini na nne katika uwanja wetu mdogo hapa Nyeri. Kwanza salamu kwa mkewe Mwanaisha, kwa watoto wao, Safa na mumewe, Rehana, na Hafiz aliye Karatina, na kwa mjukuu ambaye jina lake bado sijaambiwa. Mimi ni Mama Wachuka, wa kuosha ndege na kupika chai. Nimeombwa niandike kwa sababu tumeonana naye kila siku.

Alianza mwaka wa 1991 akiwashikia wengine tochi. Hapendi ndege chafu, ati uchafu unaficha ufa. Kikombe chake hakiguswi na mtu.

Mwaka wa 2019 majirani zetu wa hapa uwanjani walikuwa na ndege ya kutua majini. Fundi aliwaambia mara mbili wafungue bawa, waangalie chuma kinacholishikilia. Wao wakaipaka rangi mpya, ikapendeza. Siku moja ikipaa kutoka ziwani, bawa lilikatika. Rubani na mgeni mmoja walifariki. Mabaki yaliletwa kwa lori na Fundi akaitwa kuyatazama. Akatuonyesha pale chuma kilipovunjika: nusu ilikuwa nyeusi, nusu inang'aa. Ile nyeusi ilikuwa imepasuka zamani, ikaendelea kuchoka safari baada ya safari, na hakuna aliyefungua kuangalia.

Tangu hapo kila bawa hulifungua mwenyewe. Ijumaa Kuu ya 2023 aliona ufa mwembamba kama unywele kwenye ndege yetu. Rubani wa siku hiyo alikuwa binti yangu, Wachuka. Wageni wameshakaa nje na mizigo yao, na mwenye kampuni, Bwana Mathenge, anapiga kelele: "Othmani, unaniaibisha!" Fundi alikuwa tayari amevaa kanzu. Akafunga banda la ndege, akatia ufunguo mfukoni. "Mama Wachuka, wape wageni chai. Hawaendi popote." Huyo akaenda zake msikitini. Aliporudi akamwonyesha Bwana Mathenge ule ufa. Bwana Mathenge akanywa chai vikombe viwili. Wachuka akala chakula cha jioni nyumbani.

Fundi, asante sana. Sote hapa tunakuombea afya njema, na usingizi wa mchana ambao hukuwahi kuupata. Lakini Jumanne asubuhi Wachuka anarusha ndege, na mpaka sasa sijasikia ni nani atafungua mabawa. Nitumie jibu upesi, hata kwa simu ya Mwanaisha.