Mama Foleni na Darasa la Bombani

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ongezeni sauti kidogo, na aliye jikoni asogee. Leo tunamkumbuka mwalimu aliyetutoka wiki iliyopita. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hatukulijua. Tulimwita Mama Foleni, na akiitwa hivyo aliitika.

Alifika hapa kwenye kambi ya wakimbizi mikono mitupu, yeye na mdogo wake, fundi cherehani. Kule walikotoka alikuwa mwalimu, na hapa akapewa darasa. Akaingia, akakuta wavulana peke yao. Wasichana wako wapi? Wako bombani. Narudia, wasikilizaji, ili tuwe pamoja: maji yalitoka asubuhi tu, shule ilikuwa asubuhi, na kuchota maji ilikuwa kazi ya binti.

Mama Foleni hakulumbana na mtu. Aliomba ubao, akaubeba kichwani hadi bombani. Madumu yakapangwa foleni badala ya wenyewe, na wasichana wakakaa chini wakasoma. Kila siku binti mmoja alisimamia foleni. Akiamua jambo, sharti aseme sababu kwa sauti, akina mama wote wasikie.

Sasa, palikuwa na binti waliyemwita Kimya. Kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi kweli kweli. Zamu yake ilipofika, akalipitisha mbele dumu la shangazi yake. Zogo likazuka. Mama Foleni hakumtetea, wala hakumgombeza. Alimwambia tu, "Haya mwanangu, sema sababu."

Kimya akainama. Machozi yakimlengalenga, akasema, "Sina sababu. Ni kwa kuwa ni shangazi yangu. Nimekosea." Akalirudisha dumu nyuma mwenyewe. Shangazi alimnunia, tena sana. Lakini tangu siku hiyo akina mama wakigombana bombani walimtafuta Kimya awaamue, hata kama zamu si yake.

Kimya huyo alisoma hadi chuo, akahamia mji wa mbali, na watu wa huko wakamchagua kuwa diwani. Mama Foleni akatamba naye mtaa mzima. "Ukija kwetu kuomba chumvi," anasema fundi cherehani, "kwanza usikilize habari za diwani, ndipo upewe."

Lakini kutamba si kumwona. Miaka ikapita, maradhi yakamdhoofisha, na Mama Foleni akabaki na hamu moja tu, amtie Kimya machoni. Kila jioni aliomba kiti chake kiwekwe mlangoni, panapoonekana barabara. "Namuuliza, dada, unamngoja nani? Ananiambia, 'Simngoji mtu, napunga upepo.' Upepo gani, na joto lile?" anasema mdogo wake.

Siku moja Kimya akapiga simu. "Mwalimu, nasikia hali si nzuri. Kesho nakuja."

"Kesho si ndiyo mnapiga kura?"

Ndiyo, kesho yake ilikuwa siku ya kura. Baraza la mji wao lilikuwa linaamua kama shule za mitaa ya maskini zivutiwe maji hadi uani, binti asiache tena masomo kwa ajili ya dumu. Kura zilikaribiana mno, na ya Kimya ingeweza kuamua.

"Basi baki," Mama Foleni akamwambia. "Mimi sijambo. Utakuja ukimaliza."

Alipokata simu alijifunika shuka usoni. Mdogo wake alimsihi, "Dada, mwite mtoto aje." Akakataa katakata.

Hoja ya maji ikapita. Kimya akasafiri na habari yake njema, roho juu njia nzima. Alipofika, akakuta turubai limefungwa na watu wamekaa msibani.

"Angeniambia njoo, ningeiacha kura," Kimya alituambia. "Alinijua, ndiyo maana hakusema. Sijui nimlaumu au nimshukuru. Ninachojua, nina hamu naye, na hamu hii sina pa kuipeleka."

Kwa fundi cherehani, kwa Kimya, na kwa mabinti wote wa lile darasa la bombani, sisi wa kituo hiki tunasema poleni sana. Mungu amlaze pema mwalimu wetu.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia jambo moja la kuwaza. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, siku ya shule. Binti wa nyumbani kwako yuko wapi?