Béata Nyiraneza na Ng'ombe ya Filme

Bapadri, wandugu, majirani, mutunyamazie kidogo, ni mimi Viateur, kaka mukubwa wa marehemu, njo nitasoma historia ya dada yetu Béata, na kama sauti inakatika munisamehe.

Béata alizaliwa Kirolirwe tarehe 14 mwezi wa tatu 1930, mutoto wa tatu wa walimaji wa maharagi, akabatizwa mwaka ule ule, akamaliza masomo ya primaire ku misioni mu 1943, kisha akafundisha nyimbo kanisani, na wakati alikuwa anaimba hata wachungaji wa ng'ombe walikuwa wanasimama njiani, ni ukweli, sisemi hivi kwa sababu amekufa.

Mwaka 1948 Padri mumoja alileta mashine ya sinema, akafanya filme ya hadisi ya mapendo yenye sisi wote tunaimbaka, ile ya kijana wa Buleusa na binti wa Masisi, Béata akawa binti, jirani yetu Marcellin akawa kijana, na baba yetu mudogo Kanyamibwa akawa baba ya binti, akapokea ng'ombe ya mahari. Ikaonyeshwa ku shuka nyeupe hapa, Kibua na Buleusa, watu wakaona ile ng'ombe kwa macho yao, na kwetu ng'ombe ikisha pokelewa mbele ya watu binti ameolewa, njo tangu siku ile Béata akahesabiwa muke wa Marcellin, ingawa Marcellin alikuwa na bibi yake nyumbani. Mwaka 1950 Damien wa Kibua alikuja kumuposa, akaleta mutamba muzuri wa mahari, ng'ombe jike yenye haijazaa, na mimi, kichwa nguvu, nikamufukuza: «Dada yangu iko na bwana, sote tuliona!»

Mu 1956 Padri akarudia filme ile, mupya, yenye rangi na sauti, akachagua Adelaïde, musichana wa hapa, kuwa binti kwa kuwa alikuwa mudogo kwa miaka kuliko Béata, akaomba Béata aimbe nyimbo zote nyuma yake, sauti tu. Muntu mwingine angekasirika, yeye akakubali kwa sharti moja, mwishoni mwa filme Papa Kanyamibwa arudishe ng'ombe kwa Marcellin, yeye Béata akiwa amesimama hapo, na ng'ombe yenye itapokelewa kwa ajili ya Adelaïde irudishwe vilevile, asihesabiwe muke naye. Padri alicheka, akaona Béata hacheki, akakubali. Jamani, siku ya kuionyesha watu walipigia ng'ombe makofi kuliko nyimbo, na nyimbo zilikuwa tamu sana!

Nyuma ya wiki mbili Damien akarudi, alikuwa hajaoa, akaleta ng'ombe yenye ule mutamba nilifukuza ulizaa. Walifunga ndoa tarehe 4 mwezi wa tano 1957, na Dorothée akazaliwa tarehe 20 mwezi wa ine 1958. Mwezi wa munane mwaka huu 1959 Béata alishikwa na homa ya tumbo, akafariki hospitalini tarehe 2 mwezi wa kenda, akiwa na miaka makumi mbili na kenda.

Tunashukuru docteur na mainfirmier waliomutunza hospitalini, majirani waliomubeba ku kipoyi, ile machela ya miti, mu mvua, na waimbaji wenzake. Na wewe shemeji Damien, ulipata naye miaka mbili na myezi ine, ingekuwa kenda, ile saba mimi njo nilikuibia, nakuomba masamaha hapa mbele ya wote, kwa maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba kitu chenye watu wote waliona, kirudishwe watu wote wakiona.

Dada, pumzika kwa amani, Dorothée atakusikia akiimba mu filme kila mara wanatundika ile shuka.