Nukta ya Kijani ya Mzee Kijiti

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa giaboksi atatundika ovaroli yake kwenye msumari ule ule aliopewa siku ya kwanza, miaka thelathini na moja na miezi minne iliyopita. Msumari umepinda kidogo. Yeye bado amenyooka.

Aliingia karakana hii ya idara ya maji akiwa mwosha vipuri. Kazi yake ilikuwa kusugua kwa mafuta ya taa kila kilichofunguliwa na wengine, na anasema huko ndiko alikosoma, maana kipuri kichafu hakisemi kitu, lakini kikishaoshwa kinaeleza kilivyotumika. Baada ya miaka mitatu alikabidhiwa spana. Baada ya miaka saba alipewa shimo lake mwenyewe la kukagulia magari, lile la kwanza karibu na lango, na tangu hapo gari lolote la idara lenye gia za otomatiki limepitia mikononi mwake.

Jina la Mzee Kijiti alilipata kwa haki. Wengi wetu tulizoea kupima oili ya giaboksi kama tunavyopima ya injini: gari limezimwa, limepoa, kijiti cha kupimia kinachomolewa, basi. Yeye alitukatalia kwa upole miaka yote hiyo. Kwenye magari yetu, alieleza, oili hiyo hupimwa injini ikinguruma, gari limesimama mahali tambarare, oili imeshapata moto, na mkono wa gia umepitishwa kila nafasi na kurudishwa mahali pa kuegesha. Kisha hukinusa kijiti, hukipangusa kwa kitambaa cheupe na kutazama rangi juani. Oili nyekundu isiyo na harufu ya kuungua ni habari njema. Ya kahawia inayonuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni ni msiba. Kitambaa hicho huja nacho kutoka nyumbani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mkewe alitueleza siku alipotutembelea kwamba shuka za nyumba yake hupungua kila mwaka, na mwizi anamjua.

Ana kanuni moja ambayo kila fundi wa hapa ameisikia: hafungui giaboksi kabla hajapanda gari. Kanuni hiyo haikutoka kitabuni. Mwaka wake wa tano kazini aliishusha giaboksi ya lori la mabomba, akaitandaza mezani vipande vyote, akakaa nayo siku tisa. Kila kipande kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimelegea ni waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, kitu cha kukazwa kwa dakika kumi bila kushusha chochote. Alikifunga kila kipande kimya kimya, na tangu siku hiyo akawa anaketi kwanza kiti cha abiria, dereva wa kawaida wa gari akiendesha, yeye amefumba macho na daftari liko pajani. Watani wake wakasema analipwa kulala. Kumbe alikuwa anahesabu gia zinavyobadilika. Na maswali yake yalikuwa ya daktari: tatizo linaanza gari likiwa baridi au likiwa moto? Mlimani au mteremkoni? Unalisikia kwenye usukani au kwenye kiti?

Tena kila kipuri alichobadilisha alikitia nukta ndogo ya rangi ya kijani, ili kikiharibika tena tujue wa kuulizwa ni nani.

Sasa tufike kwenye ile pikapu, kwa sababu hakuna atakayesoma karatasi hii bila kuitafuta.

Ni pikapu nyeupe ya dizeli, ina miaka ishirini na sita, na ndiyo inayowapeleka mafundi wa pampu visimani. Kwa miaka kumi na sita imeendeshwa na mama mmoja ambaye idara nzima inamwita Shangazi. Mwanzoni mwa mwaka huu ilianza ukaidi. Ilikuwa inang'ang'ania gia ya kwanza hadi injini inapiga kelele, kisha inapanda ya pili kwa teke ambalo lilimwaga chai ya kila aliyekuwa ndani. Gereji mbili za nje ziliizungusha mara moja moja na kukata shauri kwamba giaboksi imekufa. Ripoti ya pili iliongeza sentensi fupi: kifo hicho kimeletwa na mguu mzito wa dereva.

Kamati ya magari ya idara ilipangwa kukutana Alhamisi. Pikapu ingeuzwa kama chuma chakavu, na Shangazi angeondolewa kwenye usukani na kuketishwa kwenye dirisha la kupokea malalamiko. Wanaomjua walijua hapo atakayelalamika zaidi ni yeye. Lakini safari hii hakuja kulalamika. Alileta funguo, akaziweka juu ya meza ya karakana, akasimama anaziangalia.

Mzee Kijiti aliomba siku moja. Alipima oili: nyekundu, haina harufu mbaya. Maana yake ndani ya giaboksi hakuna kilichoungua. Kisha akapanda, akafumba macho, akamwambia Shangazi aendeshe kama anavyoendesha siku zote. Asubuhi hiyo pikapu ilipanda gia laini, kama haijawahi kukosea. Shangazi akaona aibu, mfano wa mzazi aliyempeleka mtoto hospitali na homa ikashuka mlangoni. Akamwomba radhi. Mzee akamwambia aendelee tu, homa itarudi. Kwenye kilomita ya kumi na mbili, kilimani nyuma ya matangi, teke la kwanza likaja. Mzee alifumbua macho, akaandika neno moja daftarini: moto.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana ndipo ujuzi wake ulipo. Giaboksi ya pikapu ile haina kompyuta. Hujua dereva amekanyaga mafuta kiasi gani kwa kutegemea mvuto wa hewa unaofika kupitia mpira mwembamba. Injini ya petroli huzalisha mvuto huo yenyewe. Ya dizeli haiwezi, kwa hiyo imewekewa pampu ndogo ya kunyonya hewa, na kadiri dereva anavyokanyaga ndivyo mvuto unavyopunguzwa. Sasa mpira ukivuja, mvuto unapotea, na giaboksi inadhani pedali imekanyagwa hadi chini. Hapo itachelewa kupanda gia, na ikipanda itapanda kwa teke. Mguu wa Shangazi haukuwa mzito hata kidogo. Giaboksi ndiyo iliyokuwa inapewa habari za uongo juu ya mguu huo.

Waliporudi, Mzee alishuka shimoni pikapu ikiwa bado moto, akaufuata mpira kwa kidole. Nyuma ya injini, unapopita karibu na bomba la moshi, ulikuwa umelainika, na ufa wa upana wa ukucha umefunguka. Mpira ukipoa, ufa hujifunga. Ndiyo maana asubuhi gari lilikuwa zima, na ndiyo maana gereji zote mbili hazikuuona.

Kando ya ufa ule palikuwa na nukta ya kijani.

Miaka minne kabla ya hapo, mpira ulioandikiwa gari lile haukuwapo stoo (na mtunza stoo ndiye anayeandika haya). Mzee aliweka mwingine usiostahimili joto, kwa nia ya kuubadilisha wiki inayofuata. Wiki hiyo ilichukua miaka minne. Siku ile shimoni alikuwa peke yake, na kitambaa kilikuwa mfukoni. Kupangusa nukta mara moja kungetosha kuficha yote. Alipanda juu, akaniomba mpira sahihi, akaufunga mbali na bomba la moshi, kisha akaketi kujaza kadi ya kazi.

Alhamisi, mwenyekiti wa kamati alitaka kusoma hitimisho la kadi hiyo tu, kwamba gari limepona, ili watu waendelee na shughuli nyingine. Mzee akanyoosha mkono.

"Soma mstari wa tatu, mkuu. Shangazi yupo hapa, naye asikie."

Mstari wa tatu ulisema: Mpira usiofaa niliuweka mimi. Dereva hana kosa.

Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi, ambaye kwa wiki tatu tulikuwa hatujamsikia zaidi ya salamu.

"Kumbe chai ya watu ulikuwa unaimwaga wewe, Mzee."

Mzee akakiri kuwa ndiye. Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na kwa kalamu yake akaifuta pikapu kwenye orodha ya chakavu, halafu akaikata ile sentensi ya mguu mzito. Shangazi alichukua funguo zake bila kungoja kuambiwa.

Tungeweza kueleza mengi zaidi: mafundi kumi na wanane aliowafunza, au jinsi alivyojifunza mashine ya kusomea hitilafu akiwa na miaka hamsini na minne na kuipa jina la "yule bwana." Tungeweza pia kusema kwamba hajawahi kumwazima mtu spana namba kumi na tatu, na kwamba anaimba vibaya. Lakini tukiulizwa alituachia nini, tutaonyesha kadi ile. Imebandikwa ukutani juu ya shimo la kwanza.

Ijumaa Shangazi atamrudisha nyumbani kwa pikapu. Mpira mpya una nukta mbili: ya kijani ya fundi, na nyekundu ya rangi ya kucha, ya dereva, ambaye sasa huukagua mwenyewe kila Jumatatu. Tumemwomba Mzee asibebe daftari. Tunajua atalibeba.

Asante, Mzee Kijiti, kwa miaka yote hii na kwa mstari wa tatu. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyouma, na asubuhi zisizo na kengele. Na friji la nyumbani likianza kunguruma, tafadhali msikilize kwanza mama mwenye nalo kabla hujalifungua.