Mguu wa Lukumani

Mtaa wa Ipuli, mwaka sabini na nne. Lukumani alikuwa ameketi kwenye benchi la kahawa la Mzee Omari, mguu wa kulia umelazwa juu ya kreti la soda, umejaa kama gunia la pamba ya Igunga. Goti lilipasuliwa hospitali baada ya yeye kuanguka toka kwenye lori la kuhamishia watu vijijini, huko Usoke. Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo. Mtaa ukamkataza hata kuinuka kusalimia. Sasa shavu la mguu lilikuwa likiwaka moto, na mkewe, Batuli, alikuwa ameenda kumwita mkandaji.

— Akandwe tu, alisema Mzee Omari akimimina kahawa. Samli ya moto, damu iliyoganda inayeyuka yote.

— Ikishayeyuka inaelekea wapi, mzee wangu? aliuliza Lukumani.

— Itajua yenyewe. Damu si mgeni mwilini.

— Damu gani? alidakia Mussa Reli. Wamemtia skrubu humo! Mimi nimekula mshahara wa garimoshi, chuma nakijua. Kisipopata grisi kinavimbisha kila kilicho jirani.

— Nonsense! alifoka Digrii, aliyerudi na shahada toka Mlimani na mpaka leo anangoja kupangiwa kazi. Class analysis, uchambuzi wa kitabaka, ndugu zangu! Ni damu aliyoongezewa. Damu ya kabaila hiyo. Haitaki kusukumwa, imeketi gotini inangoja kuhudumiwa.

— Na yako wewe imeketi wapi? alimrudi Mussa. Tangu umalize chuo hujanyanyuka hapa!

Benchi zima likaangua kicheko. Lukumani naye akajaribu. Kicheko kikamchoma ubavuni kama sindano, kikakatikia hapo hapo. Akafumba macho. Hakuna aliyemwona, wote walikuwa wakibishana juu ya goti.

Batuli akatokea na bakuli la samli, mkandaji yuko njiani. Hakuutazama mguu. Alimtazama mumewe usoni.

— Mbona anahema hivyo, na ameketi?

Mzee Omari aliinamia birika lake.

— Nauliza! Tangu saa ngapi?

Hakuna aliyejua. Batuli akaiweka samli chini.

— Hospitali. Sasa hivi. Mbebeni!

Wakamlaza palepale, wakaliinua benchi na mtu wake, wakatoka mbio. Lukumani aliona mbingu ikitikisika, akasikia vishindo vya miguu tu; ubishi ulikuwa umekoma, na hilo ndilo lililomtisha.

— Bishaneni, aliwaomba kwa pumzi iliyobaki. Jamani, bishaneni kidogo.

Hakuna aliyethubutu.